Miaka 47, kilo 96: ninunue kinga ya mbio ama najidanganya? (Lubumbashi)

#1 Mhasibu_wa_Kamalondo
Jambo yenu. Nataka shauri, na naomba mzuie kucheka mpaka nimalize.

Nina miaka 47, urefu mita 1.74, kilo 96. Kazi yangu ni ya kukaa toka asubuhi mpaka jua linazama. Spoti yangu ya mwisho ni ya Desemba 2010, Mazembe ilipomfunga Internacional 2-0, nikajaribu kuruka kwa makalio kama kipa wao Kidiaba sebuleni kwa shemeji. Mfupa wa mkia bado unanikumbusha.

Mwezi jana dokta alipima presha, akapima tena, akanyamaza kidogo. Akaandika dawa. Akasema nitembee, niogelee ama nipande kinga. Kutembea kunaniboa, kuogelea sijui. Imebaki kinga. Na kusema kweli toka niangalie mashindano ya dunia ya kinga kule Kigali, Septemba 2025, Pogačar anapanda mlima kama ametumwa chumvi na mama yake, kitu kimenishika.

Sasa mjini kuna mtu anauza kinga za mitumba za Ulaya. Iko moja ya buluu. Tairi nyembamba kama kidole, usukani wa pembe za kondoo, gia 20, saizi 58. Anasema fremu ni kaboni. Dola 400, mwisho 350. Naiinua kwa mkono mmoja. Nataka kuchukua njia ya Kipushi Jumapili asubuhi, niende mpaka nichoke, nirudi. Inanifaa?

#2 Mwana_Ilala
Kinga? Mkuu, dokta alikuandikia dawa ya presha au chanjo?

#3 Yaya_Katuba
@Mwana_Ilala kinga ni baiskeli huku Katanga. Bakini na Kiswahili chenu cha kitabu.

#4 Fundi_Cheni
Mzee, rangi tuiache kwanza. Nipe vitu vitatu. Moja: namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Mbili: hesabu meno ya gia za mbele, na ya ile ndogo kabisa na ile kubwa kabisa za nyuma. Tatu: vua viatu, simama ukutani, weka kitabu katikati ya miguu, kipandishe mpaka kigome, halafu mtu apime toka sakafu mpaka mgongo wa kitabu.

#5 Mhasibu_wa_Kamalondo
Tairi 700x23. Mbele 53 na 39. Nyuma ndogo 11, kubwa 23. Nimehesabu mara mbili, muuzaji akaniuliza kama nanunua ama nafanya ukaguzi. Mguu ni sentimita 81. Kitabu kilikuwa cha hesabu za mwaka, mke wangu ndiye alipima, na amewaambia watoto.

#6 Fundi_Cheni
Basi sikia.

Mguu wa 81, ukizidisha kwa 0.66 hivi, unakuletea fremu ya 53 ama 54. Ile ya buluu ni 58. Si kwamba hutafika kwenye pedali, kiti kinashuka. Shida ni mbele: usukani utakuwa mbali, utalala juu ya kinga kama nguo kwenye kamba, na uzito wako wote utaenda kwenye viganja. Kijana wa miaka 20 anavumilia. Wewe na huo mfupa wa Kidiaba, sijui.

Gia: 39 mbele na 23 nyuma maana yake kila ukizungusha pedali mara moja, gurudumu linazunguka mara 1.7. Hiyo ndiyo gia yako nyepesi kuliko zote! Kinga za watu wa kawaida siku hizi zina 50 na 34 mbele, na nyuma inafika 32. Hapo 34 kwa 32 ni mzunguko mmoja tu na kidogo. Tofauti yake utaijua kwenye kimlima cha kwanza.

Tairi ya 23 na kilo 96: itabidi upige upepo karibu bari 8 ili usibonyee mpaka rimu. Hapo kila jiwe linakuja moja kwa moja kwenye meno yako.

Nadhani tafuta nyingine.

#7 Chukudu_Goma
Tairi ya 23! Huku Goma hiyo ni kupanda wembe. Lava ya 2002 ilipita katikati ya mji na mawe yake bado tunayakanyaga. Chukua ya milima, tairi nene, umalize kesi.

#8 Milima_ya_Bukavu
@Chukudu_Goma wewe kila kitu ni lava. Lubumbashi ni tambarare na njia ya Kipushi ina lami. Ya milima kwenye lami inalia vuuu, unatumia nguvu bure, mwisho unaiegesha nyuma ya nyumba.

Mimi nina 52, nimeanza nikiwa na 49. Kwanza nilinunua kinga ya kushindana kama hiyo ya buluu, nikaiuza baada ya miezi minne. Ya pili ina usukani uleule wa pembe, lakini mbele imeinuka na tairi ni za 32. Hapa kwetu hakuna tambarare, ukitoka nyumbani ni kushuka ziwani ama kupanda, kwa hiyo gia ndiyo iliniokoa kuliko uzito wa fremu. Watu wanalipa mamia ya dola kupunguza kilo moja ya kinga wakati tumbo lina kumi.

Na hao wa Kigali uliowapenda, pale kwenye mawe ya Kimihurura hawakupita na tairi za 23. Watu wa mbio wenyewe wameziacha, siku hizi ni 28 na zaidi.

#9 Mtoto_wa_Ruashi
Mbona mnamsumbua mzee? Anunue ya buluu, atoe tairi za 23, aweke za 28. Pale soko za kinga za makala ziko tele, namba 28 imeandikwa, bei ya chini.

#10 Mwana_Ilala
Kinga za makala? Makala za gazeti?

#11 Yaya_Katuba
Mkaa! Makala ni mkaa. Ee Mungu, nipe subira na watu wa pwani.

#12 Fundi_Cheni
@Mtoto_wa_Ruashi hapana kaka, hapo utamtia mzee hasara. Ile 28 ya kinga nyeusi za mizigo ni inchi, ni urefu wa gurudumu zima. Hii 28 tunayosema ni milimita, upana wa tairi. Angalia namba ndogo ubavuni: ya kinga nyingi za mizigo ni 635, ya kinga ya mbio ni 622. Tofauti ni milimita 13, inatosha tairi kuchezacheza kwenye rimu kama kofia ya babu.

Cha ajabu, ile ya milima inayoitwa 29 rimu yake ni 622 pia. Tairi zake zinakaa kwenye rimu ya mbio, ila fremu haina nafasi ya kuzipitisha.

Na usiahidi 28 kabla ya kupima. Fremu nyingi za zamani zenye breki za kubana rimu zinapitisha 25, zikiwa na bahati 28. Chukua ufunguo wa milimita 4, upitishe kati ya tairi na breki. Ukigoma na tairi ya 23, hiyo kesi imekwisha.

#13 Mtoto_wa_Ruashi
Sawa fundi. Nilikuwa najua 28 ni 28.

#14 Kaka_Likasi
Hilo la kaboni mmelipita. Mzee, nenda na sumaku. Ikikataa kushika, ni kaboni kweli.

#15 Milima_ya_Bukavu
Hapana. Sumaku inakataa kaboni na inakataa aluminiamu pia. Itakuambia tu kama ni chuma. Angalia pale mabomba yanapokutana: aluminiamu huwa na mshono wa kuchomelea, kama mistari ya funza waliopangwa. Kaboni inateleza tu. Halafu piga kwa kucha. Aluminiamu inalia ting, kaboni inasema tok.

Kama ni kaboni ya mitumba ningeogopa zaidi. Chuma kikipasuka unaona, kaboni inaweza kupasuka ndani huku rangi inang'aa.

#16 Mhasibu_wa_Kamalondo
Nimerudi na kucha. Imesema ting. Funza wapo pia, chini ya rangi. Muuzaji akasema ni "kaboni ya aluminiamu".

#17 Chukudu_Goma
😂😂 Kaboni ya aluminiamu. Na mimi ni padri wa wake wawili.

#18 Nesi_Mpole
Aksanti kwa uzi. Mimi naacha chuma, naomba nimsemee mwenye mwili.

Baba, hiyo dawa ya presha inaitwaje? Kama jina linaishia na "-ololi", atenololi, bisoprololi na wenzake, hiyo inazuia mapigo ya moyo yasipande sana. Ile hesabu ya kikomo cha mapigo watu wanayopenda, 220 toa umri, kwako haitafaa. Utatazama saa ya mkononi ikisema mapigo 118 udhani hujafanya kazi, kumbe umefika kikomo. Tumia mdomo: ukiwa kwenye kinga uweze kusema sentensi nzima, lakini usiweze kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza. Ukishindwa sentensi, punguza. Na usiache dawa kwa sababu umenunua kinga, nimewaona wa hivyo.

Shirika la Afya Duniani linasema dakika 150 mpaka 300 kwa wiki kwa mwendo wa wastani. Si lazima zote Jumapili, Jumapili ndipo watu wanapoanguka. Dakika 30 mara tano ni kitu kizuri zaidi. Ukisikia kifua kinabana ama maumivu yanashuka mkononi, shuka hapohapo.

#19 Mhasibu_wa_Kamalondo
Bisoprololi. Dada, umeniogopesha na kunifurahisha pamoja.

#20 Mama_Kampemba
Mimi naomba kuuliza ambacho wanaume hawaulizi. Atavaa nini? Mume wangu alianza mambo haya, akanunua ile suruali ya kubana yenye godoro. Alipita mbele ya kanisa watu wakitoka misa. Mpaka leo naitwa mama wa godoro.

#21 Milima_ya_Bukavu
Mama, godoro ni lazima, heshima atarudishiwa baadaye. Avae kaptula ya kawaida juu yake.

#22 Mhasibu_wa_Kamalondo
Wazee, msinipige.

Nimeinunua ile ya buluu. 310.

#23 Fundi_Cheni
...

#24 Mwana_Ilala
Uzi mzima huu halafu ting!

#25 Mhasibu_wa_Kamalondo
Najua. Nilienda kuangalia nyingine, iko ya kijivu, 54, tairi 32, kila kitu mlichosema. Nikaipanda mbele ya duka. Nzuri. Halafu nikaitazama ile ya buluu ukutani. Nina miaka 20 naendesha gari la kijivu.

Nilichotii: ufunguo wa 4 umepita kwa tabu, kwa hiyo nimeweka tairi za 25. Kiti nimekipanga kwa hesabu niliyoonyeshwa, 81 mara 0.883, inakuja 71.5, toka katikati ya ekseli ambapo mikono ya pedali inazungukia mpaka juu ya kiti.

Jumapili nilitoka saa kumi na moja na nusu, hakuna malori. Kilomita 9 kwenda, 9 kurudi. Mambo mawili. La kwanza, toka kilomita ya 8 vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto vimekufa ganzi, mpaka nikafika nyumbani siwezi kushika kikombe.

La pili ni la aibu. Wakati wa kurudi, kimlima kidogo, hata jina hakina, nikasikia nyuma kwii, kwii, kwii. Nikadhani ni cheni yangu. Akaja kijana na kinga nyeusi, gunia tatu za makala zimefungwa kwa vipande vya tyubu, mbili zimesimama na moja imelala juu, kichwa chake hakionekani. Hajapanda, anasukuma kwa mguu, sandali za tairi. Akafika sawa na mimi. Akaniangalia. "Kuraje, papa." Akanipita.

Anasukuma! Mimi niko juu ya kinga ya Ulaya.

#26 Chukudu_Goma
Nimecheka mpaka jirani amekuja kuuliza. Lakini mzee usijilaumu, huku vijana wa chukudu, zile kinga za mbao za kusukuma, wanapandisha mizigo ambayo pikapu inakataa. Wamezaliwa na miguu mingine.

#27 Mwana_Ilala
Hamna miguu mingine. Huyo kijana anafanya mazoezi masaa mengi kila siku, miaka nenda rudi. Hata Girmay, aliyechukua jezi ya kijani Tour de France 2024, hakushushiwa, alipanda baiskeli toka utotoni Eritrea. Mkuu ana Jumapili moja.

#28 Nesi_Mpole
Na msisahau dawa. Moyo wake umefungwa breki kidogo. Kwenye kimlima ndipo inajulikana.

#29 Fundi_Cheni
Kabla ya moyo niulize: ulikuwa gia gani?

#30 Mhasibu_wa_Kamalondo
Mbele ile kubwa. Ile ndogo haikubali, nikivuta mkono wa gia hakuna kinachotokea.

#31 Fundi_Cheni
Basi ulipanda na 53. Waya wa gia ya mbele umekauka, umegoma kuachia. Umesukuma jumba, baba. Kijana alikuwa anatembea kwa mguu, hiyo ni gia nyepesi kuliko zote duniani.

#32 Mama_Kampemba
Mnazunguka tu. Yule hafanyi spoti, anatafuta bukari, ndiyo ugali. Ukiwa na watoto wanakungoja kula utapita hata lori.

#33 Mtoto_wa_Ruashi
Mjomba wangu alibeba makala njia ya Kasenga miaka sita. Naomba mjue hawakimbii wala hawana nguvu za ajabu. Wana mwendo mmoja, hawaubadilishi toka alfajiri. Mlimani ni uleule, kwenye tambarare ni uleule. Mzee alianza kwa haraka nadhani. Leo mjomba goti lake linajaa maji, kwa hiyo sitaki mtu aseme eti ni mazoezi mazuri.

#34 Kaka_Likasi
Na ganzi je? Mimi nasema ni kisukari.

#35 Milima_ya_Bukavu
Kaka, una haraka ya kuzika. Vidole viwili vya mwisho ni mshipa wa fahamu unaopita chini ya kiganja upande wa kidole kidogo. Usukani ukiwa mbali unaulalia. Fremu ya 58, tulisema. Abadilishe ile shingo ya usukani, kama ni ya milimita 120 aweke ya 80, na kila dakika chache ahamishe mikono.

#36 Chukudu_Goma
Kwa nini kushoto tu basi? Fremu ni ndefu pande zote mbili.

#37 Milima_ya_Bukavu
Pengine kwa kulia alikuwa anahangaika na gia, mkono unatembea.

#38 Fundi_Cheni
Ama kiti kimeinama mbele, anateleza, anajizuia kwa mikono. Ama upepo. Ulipiga bari ngapi?

#39 Mhasibu_wa_Kamalondo
Mpaka ikawa ngumu kama jiwe. Pampu ya jirani haina saa ya kupima upepo.

#40 Fundi_Cheni
Haya. Jiwe juu ya lami ya Kipushi. Hata nyundo ingekufa ganzi.

#41 Nesi_Mpole
@Kaka_Likasi hajakosea kabisa. Ganzi ikiwa ni ya kwenye kinga tu, ni kinga. Ikija usiku kitandani ama miguuni, apime sukari. Na kwa umri huo na presha hiyo apime tu, ganzi ama hakuna ganzi.

#42 Yaya_Katuba
Mimi nauliza: kwa nini asiulize anayemuuzia makala nyumbani kwake wapi wananunua tairi zao?

#43 Fundi_Cheni
Yaya, 635.

#44 Yaya_Katuba
Ah, kweli. Nimerudi nyuma ya darasa.

#45 Mhasibu_wa_Kamalondo
Habari za wiki ya tatu. Shingo ya 80 imewekwa. Waya wa gia umebadilishwa, sasa 39 inaingia, na kimlima bila jina nimekipanda nikisema sentensi nzima. Nilikuwa peke yangu, ng'ombe mmoja alisikia.

Lakini sikieni la jana. Kilomita ya 11, nyuma pssss. Tyubu ya akiba ninayo, nimebadilisha mwenyewe, mikono myeusi mpaka kiwiko. Kupiga upepo sasa. Pampu yangu ndogo nimeiacha mezani. Nikasukuma kama dakika ishirini mpaka kwa kijana anayetengeneza kinga chini ya mwembe. Ana pampu kubwa ya miguu miwili. Haiingii! Valvu yangu ni ile nyembamba ya Kifaransa, yake ni ya kichwa kinene kama ya gari.

Nikasema basi, nangoja gari. Kijana akaniomba kile kikofia cha plastiki cha valvu, ambacho ningeweza kukitupa siku yoyote. Akakata ncha yake kwa wembe ikawa na tundu pande zote mbili. Akafungua kile kiskrubu kidogo cha juu ya valvu, akakikaza kikofia kichwa chini miguu juu. Akabandika pampu. Ikashika. Akapiga, akabonyeza tairi kwa dole gumba, akapiga tena mara nne. Franga elfu moja. Nilimpa mbili, akarudisha moja, akasema nimnunulie soda siku nyingine.

#46 Milima_ya_Bukavu
Hicho kikofia kifunge kwenye funguo za nyumba. Mimi nilinunua kibadilishio cha shaba, kazi ni ileile.

#47 Fundi_Cheni
Huyo kijana mwambie aje Katuba, nina kazi. Sasa hujasema: ganzi ilirudi ama haikurudi?

#48 Mhasibu_wa_Kamalondo
Kwa kweli sijui. Kwenda nilisahau kuangalia, na kurudi nilikuwa nina hasira na tairi.

#49 Chukudu_Goma
Kwa hiyo dawa ya ganzi ni hasira. Naongeza kwenye orodha.

#50 Nesi_Mpole
Na sukari, baba? Umepima?

#51 Mhasibu_wa_Kamalondo
Jumatatu, dada. Jumatatu.

#52 Nesi_Mpole
Jumatatu ya lini?